Kilo za Watu Sita

Alhamisi saa kumi alasiri, Twiga alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, ghorofa ya tatu, nusu ya nywele zake zimesukwa na nusu nyingine zimesimama kama zilivyoamka. Alikuwa ametoka zamu saa nane. Alikuwa amesaini daftari, ametundika koti lake la zimamoto kwenye msumari namba kumi na moja, ameosha masizi mikononi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu hakuwa na la kufanya zaidi ya kuinamisha shingo kila msusi alipomwambia inamisha.

Jina la Twiga alipewa kituoni kwa sababu ya urefu, naye alilipokea bila kinyongo, maana mwenzake mmoja aliitwa Kiroboto.

Moto ulianzia chini, kwenye duka la fotokopi. Haukuwa moto mkubwa. Ulikuwa moto wa karatasi na nyaya, wenye makelele machache na moshi mwingi, na moshi huo ukapanda vidato vya jengo kama mpangaji anayerudi nyumbani. Twiga aliunusa kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasimama na kitana kikiwa bado kimechomekwa kichwani, akalowesha taulo mbili, akawaambia wanaoweza kutembea washike ukuta na washuke. Wasioweza aliwabeba.

Walikuwa sita. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa ghorofa ya nne, mwalimu wa muziki aliyestaafu, aliyeitwa Bibi Kinanda, mwenye magoti mabovu kwa miaka kumi. Wa pili alikuwa mpishi wa mgahawa wa juu, aliyezimia mlangoni kwake, na mlango wenyewe alikuwa akiupita kwa ubavu hata siku za kawaida. Kisha akabeba daktari wa meno, kisha mgonjwa wa daktari wa meno akiwa na jino lililong'olewa nusu, kisha mwalimu wa chekechea mwenye mimba ya miezi minane. Wa mwisho alikuwa msusi, aliyekataa kuondoka mpaka azime pasi ya nywele. Kila alipompakia mtu mgongoni Twiga alimwambia, "Ukibebwa, bebeka," nao wakabebeka vizuri, hata mpishi.

Sasa, katika kazi ya zimamoto mtu habebwi tu. Anabebwa, anashushwa, na chini anapokelewa. Anayesubiri chini humpiga mbebaji begani mara mbili kwa kiganja na kusema, "Nimepokea." Mbebaji hujibu, "Nimetua." Hapo ndipo uzito wa mtu hutoka mgongoni. Hili hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kufungua bomba, na wakufunzi hulipitia haraka kwa sababu hakuna asiyelijua.

Siku hiyo chini hapakuwa na mtu wa kupokea. Palikuwa na watu wengi, lakini wote walikuwa wameinua simu wakipiga picha. Kila alipomlaza mtu kwenye kibaraza, Twiga alisimama kidogo na kusogeza bega mbele, kwa mazoea, akisubiri vile vibao viwili. Havikuja. Akarudi juu. Mara ya sita, akiwa na msusi mgongoni, goti la kulia lilimsaliti kwenye kidato cha mwisho, wakaanguka wote wawili. Gari la zimamoto likafika, wenzake wakauzima moto kwa dakika kumi, wakampigia makofi. Kuwapokea wale sita hawakuwapokea, kwa kuwa mtu aliyekwisha lazwa chini hapokelewi tena. Utaratibu ni utaratibu.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akiacha nyayo kwenye lami.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache na gundi nyingi. Alimtazama mkewe akiingia, akatazama vigae vya sebuleni vikipasuka kimoja baada ya kingine nyuma yake, akaenda kuleta mto. Kitanda kilikuwa kimekwisha vunjika alipofika chumbani. Akaweka mto sakafuni.

"Wangapi?" akauliza.

"Sita."

"Pole, mke wangu." Akavua viatu vya mkewe, akaviangalia soli. "Hizi nazo pole zao."

Kesho yake daktari alimpandisha kwenye mizani ya kliniki, ikagota. Wakampeleka nyuma, kwenye mizani ya stoo inayopimia magunia. Kilo mia tano na kumi na nne. Daktari alitazama kadi yake ya mwezi uliopita, ambayo ilisema sabini na moja, akamuuliza nani alipokea chini. Twiga akasema hakuna. Daktari akaandika: *Goti la kulia limeteguka. Uzito wa watu sita, haujapokelewa. Asipande kitu.*

"Goti litapona," alisema daktari. "Huo uzito mimi sina dawa yake. Mkuu wako akupokelee rasmi, yatakwisha. Ila hawezi kupokea mpaka ofisi ya fidia ikubali kwamba uliumia kazini. Nenda Jumatatu. Na usipande lifti yetu, tafadhali."

Hilo la kupanda ndilo lililomkosesha raha. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila zimamoto alikuwa na mtihani wa ngazi: mita thelathini, hadi kidato cha juu kabisa, mbele ya kamati. Ngazi ya kituo ilikuwa na maandishi mekundu: MWISHO KILO 130. Asiyeweza kuipanda kwa sababu ya ajali ya kazi hupewa muda. Asiyeweza kwa sababu nyingine huachishwa. Twiga alikuwa zimamoto kwa miaka kumi na minne na hakuwahi kutaka kuwa kitu kingine. Alipenda hata harufu ya mpira wa bomba.

Wale sita nao walikuwa na mambo yao. Uzito wao wote ulikuwa umebaki kwa Twiga, kwa hiyo wao walikuwa wepesi, hawana zaidi ya uzito wa nguo walizovaa. Mpishi alirudi kazini siku ya pili akiwa amejaza mifuniko ya sufuria katika mifuko ya aproni. Hata hivyo, alipokoroga ugali wa wateja thelathini, ugali ulitulia na yeye ndiye aliyezunguka. Daktari wa meno alijaribu kumalizia lile jino. Kila alipovuta, yeye na mgonjwa wake walipaa pamoja hadi darini, wakaombana radhi, wakashuka, wakaanza upya. Msusi alikuja nyumbani kwa Twiga kumalizia nywele, kwa sababu kazi nusu ilimnyima usingizi. Akashika nywele, akavuta, na badala ya nywele kukaza, yeye akanyanyuka.

"Siwezi, dada," alisema akiwa juu ya kabati. "Nikikuvuta najivuta."

"Shuka basi, tutasuka siku nyingine."

"Nishushe wewe. Mimi huku nimefika tu, sikujileta."

Twiga akamvuta mguu, wakacheka mpaka vigae viwili zaidi vikapasuka.

Bibi Kinanda peke yake ndiye ambaye hakulalamika. Magoti yake hayakuwa na cha kubeba, na kwa hiyo hayakuuma. Alishuka ghorofa nne bila kugusa kidato hata kimoja. Mjukuu wake, binti aliyekuwa akiishi naye, alimfunga kamba ya kuanikia nguo kiunoni ili upepo usimchukue, na bibi akatembea mtaa mzima namna hiyo, akisalimia watu kwa juu, akiwaambia nani ana bati lililotoboka.

Jumatatu Twiga alikwenda ofisi ya fidia. Sakafu ya ofisi ilikuwa ya mbao, kwa hiyo alikaa nje kwenye kidato cha saruji, na afisa wa fidia akamhudumia kupitia dirishani. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili, nyekundu ya kukataa na ya buluu ya kukataa kwa huruma. Akafungua faili, akatoa picha iliyokatwa gazetini. Ilimwonyesha Twiga na mpishi mgongoni.

"Hongera sana, dada," alisema. "Kazi nzuri. Mke wangu alilia. Sasa, ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa nasukwa."

Afisa akaandika. "Na hapa kwenye picha nywele ni nusu. Mtu aliye kazini hawezi kuwa nusu kasukwa, au siyo? Kuna mkuu wako yeyote aliyekuamuru uwabebe hawa?"

"Moto uliniamuru."

"Moto si mkuu wa kazi."

"Na ningewaacha je, nikaendelea kusukwa?"

Afisa akafungua kijitabu cha kanuni. Alikijua kwa moyo, lakini alipenda watu waone. "Ungefukuzwa. Kifungu cha tatu: zimamoto hana likizo mbele ya moto."

"Na kwa kuwa niliwabeba?"

"Kifungu cha tisa. Fidia ni kwa aliyeumia ndani ya saa za zamu yake."

Twiga alilipima jambo hilo. "Kwa hiyo nikiwa likizo niko kazini mpaka niumie. Nikishaumia, nilikuwa likizo."

Afisa naye akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Umelieleza vizuri kuliko kijitabu," alisema. "Lakini ndivyo. Sheria ni msumeno, dada."

"Msumeno hukata mbele na nyuma, kaka. Huu wenu unakata kwenda tu."

Afisa akachukua kalamu ya buluu. Akamwambia tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Twiga akamjibu kwamba shukrani amezipata nyingi, hata za mke wake, na kwenda zake angependa, ila kidato kimeng'ang'ania. Ilikuwa kweli. Saruji ilikuwa imezama chini yake, na afisa alilazimika kutoka nje na kumsaidia kusimama. Alipomshika mkono alinong'ona kwamba fomu ya rufaa ipo, ina ukurasa mmoja tu, na kwamba kisanduku cha mwisho, kinachosema *Jina na saini ya aliyepokea*, kisiachwe wazi. Akampa moja kupitia dirishani, kwa sababu fomu hutolewa dirishani.

Twiga alirudi nyumbani amekasirika. Alikasirika njia nzima, hatua kwa hatua, na lami ilijua.

Mkuu wa kituo alikuja jioni hiyo. Alikaa kwenye kochi, kofia magotini, akamtazama mtu wake aliyemfundisha mwenyewe kufungua bomba. Alikuwa na barua ya ofisi ya fidia mfukoni. Barua ilisema kwamba hakuna mtumishi wa kituo, akiwa zamu, anayeruhusiwa kumpiga Twiga begani wala kutamka neno "nimepokea" mbele yake, kwa kuwa kutamka hivyo ni kukiri.

"Ningekupokea siku ileile," alisema Mkuu. "Wewe unajua."

"Najua, Mkuu."

"Nimewaambia ni vibao viwili tu. Wakasema hata kimoja."

Akanywa chai yake, akaaga, na mlangoni mkono wake ukainuka wenyewe kuelekea begani kwa Twiga. Akaukamata kwa mkono mwingine, akaondoka nao.

Fundi viatu aliazima mizani ya magunia na kuiweka uani, akampima mkewe kila asubuhi, kwa matumaini tu, kama mtu anayetazama sufuria ichemke. Mia tano na kumi na nne. Mia tano na kumi na nne. Kuna msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini katika mtaa huo hakuna aliyethubutu kuutamka, kwa sababu mizani ilikuwa pale uani na kila mtu aliweza kuisoma.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, siku tisa kabla ya mtihani, Twiga akiwa amesimama juu ya mizani na mumewe ameinama akisoma, sindano ilitikisika ikarudi nyuma. Mia tano na kumi na moja.

Fundi viatu alifuta kioo kwa kiwiko. Ikabaki mia tano na kumi na moja.

Saa sita mchana, Twiga akiwa amepanda tena mizani kuhakikisha, akaja mume wa mwalimu wa chekechea, anakimbia, shati ndani nje, anacheka peke yake. Mkewe amejifungua. Binti. Mzima. Kilo tatu kamili.

"Kilo tatu?" alisema fundi viatu.

"Tatu! Mzito kuliko mama yake! Tumemlaza kifuani kwake, na leo ndiyo mara ya kwanza mke wangu amelala kitandani bila kufungwa mkanda."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

Fundi viatu alimtazama mkewe. Kisha akauliza swali refu kuliko yote aliyowahi kuuliza: mkunga alifanya nini hasa, hatua kwa hatua, tangu mtoto alipotokeza kichwa? Mume wa mwalimu akaeleza. Mkunga alimshika mtoto, akampiga makalioni vibao viwili ili alie, akasema kwa sauti, kama wasemavyo wakunga wote, "Nimempokea."

Twiga akashuka, akakaa chini. Mizani ikapata nafuu.

"Si lazima awe mkuu," alisema polepole. "Si lazima awe wa kituo. Ni lazima awe mtu anayemchukua. Anayesema neno na kubaki na mtu wake."

Siku ile ya moto hakuna aliyesema, ndiyo maana. Hakikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa kitu kidogo ambacho ofisi nzima ilikuwa imekigeuza barua.

Jumapili wakaja wote uani kwa fundi viatu. Mpishi alileta sufuria tatu na mkewe. Daktari wa meno alikuja na kaka yake. Mgonjwa wake alikuja na taya limevimba. Msusi alikuja na mama yake, ambaye alimshikilia kwa pindo la gauni kwa kuwa kulikuwa na upepo. Mwalimu wa chekechea alikuja amembeba mtoto, na mtoto akamshikilia mama yake ardhini. Watoto wa jirani walipanda ukutani kutazama, na Bibi Kinanda, ambaye alikuwa kule juu tayari, aliwaambia wasisukumane.

Twiga alisimama katikati, bega la kulia mbele.

Mke wa mpishi alitangulia, mwanamke mwembamba mwenye kiganja kikubwa. Alipiga mara mbili. "Nimepokea," alisema, "na Mungu anisaidie."

"Nimetua," alisema Twiga.

Mpishi alishuka kwenye nyasi kwa kishindo kilichorusha kuku. Alijishika tumbo, akalipapasa lote, akaanza kulia kwa furaha. Sindano ilishuka kilo mia na kumi na nane, na fundi viatu akazitaja kwa sauti, na watu wakapiga vigelegele. Akafuata kaka wa daktari. Akafuata mume wa mwalimu, aliyepokea vilivyobaki vya mkewe na kusema kwamba siku hiyo wamezaliwa watu wawili nyumbani kwake. Akafuata mama wa msusi, aliyepiga vibao vinne badala ya viwili, viwili vya kupokea na viwili vya kumkumbusha bintiye kwamba pasi ya nywele si roho ya mtu. Waliopokea wote waliandika majina yao kwenye kile kisanduku cha fomu ya rufaa, wakibanana, na mkunga alikuwa ametuma saini yake kwenye kipande cha karatasi kigundishwe.

Akabaki mgonjwa wa daktari wa meno. Alisimama akishikilia nguzo ya kuanikia nguo. Alisema, kwa taya lake, kwamba yeye hana mtu. Hana mke, wazazi wamefariki, na mjini ana miezi miwili tu. Alisema samahani kwa usumbufu, na kwamba kama inawezekana kilo zake sabini zigawanywe.

Hapo langoni akatokea Mkuu wa kituo. Alikuwa amevaa kaptura na kandambili, na hakuna aliyewahi kuona magoti yake kabla ya siku hiyo.

"Leo nipo likizo," alisema. "Nimesaini daftari. Nimetundika na kofia."

Akapita katikati ya watu mpaka kwa Twiga. Akamtazama yule mgonjwa. "Unacheza drafti?"

"Nacheza, mzee."

"Basi utakuja kwangu Jumamosi, na Jumamosi zote." Akapiga mara mbili, vibao safi vya mtu aliyepiga maelfu. "Nimepokea."

"Nimetua, Mkuu," alisema Twiga.

Mgonjwa akashuka kwenye miguu yake miwili, na daktari wa meno, aliyekuwa amesubiri wiki tatu, akamkalisha kwenye ndoo palepale na kumng'oa jino.

Mizani ilisoma mia na ishirini. Watu wakageuka kumtazama Bibi Kinanda, na mjukuu wake akasogea na kiganja tayari.

"Subiri," alisema bibi.

Alivuta kamba yake mwenyewe, mkono kwa mkono, mpaka akafika usawa wa uso wa Twiga. Haikuwa mbali, Twiga akiwa alivyo.

"Mwanangu," alisema, "kilo zangu ni arobaini na tisa. Zinakuumiza?"

Twiga alijisikiliza. Alizijua kilo hizo sasa kuliko zote. Zilikuwa zimekaa chini kidogo ya shingo, zimetulia, na wakati mwingine asubuhi zilikuwa kama mtu anayeimba kimoyomoyo. "Naziona zipo, Bibi. Haziniumizi."

"Miaka kumi nimekaa dirishani nikitazama vidato. Jana nimekwenda sokoni. Nimekwenda kanisani, nimekaa juu ya kinanda, nikaona vumbi lilivyo kule ndani. Nimewaambia wafute." Akakaza kamba kiunoni. "Unipe muda. Nikifa nitazihitaji, nisije nikawafanya watu wabebe jeneza tupu. Siku hiyo utanishusha."

"Na nikiwa zamu siku hiyo?"

"Utakuwa likizo. Si ndiyo kawaida yako?"

Uani wakacheka, na Twiga akacheka kuliko wote. Kisha akapiga hesabu: ngazi ni mia na thelathini, yeye na bibi ni mia na ishirini, koti na kofia na buti kilo tisa. Inabaki kilo moja. Mumewe alikuwa amekwisha chukua buti za kazi za mkewe na kuanza kukwangua soli.

"Zikae, Bibi," alisema.

Kwenye kisanduku cha fomu, Mkuu aliandika *mtu aliyekuwa likizo*, na Bibi Kinanda aliandika neno moja kwa mwandiko wa kiwalimu: *Bado.*

Ijumaa ya mwisho wa mwezi kamati ilikaa kwenye viti chini ya ngazi. Twiga alipanda. Goti lilikuwa likitoa mlio kila kidato cha tatu, mlio ambao ungebaki naye maisha yake yote, na vyuma vya juu viliguna, lakini vilishika. Alipofika mita thelathini alimkuta Bibi Kinanda amefika kabla yake, kamba yote imekwisha, mjukuu chini ameshikilia ncha kwa mikono miwili. Kutoka huko waliuona mji wote: mabati, matangi ya maji, nguo kwenye kamba, na jengo la ghorofa nne lenye doa jeusi kwenye mlango wa chini. Twiga alishusha pumzi. Alikuwa na kazi yake. Mwanakamati mmoja aliandika kwamba mtahiniwa amefaulu, kilo mia na ishirini na tisa, ongezeko la uzito kwa sababu zisizohusiana na kazi.

Fomu ya rufaa ilirudi wiki mbili baadaye. Juu ya majina yote, pamoja na kipande cha mkunga na *mtu aliyekuwa likizo* na *bado*, afisa wa fidia alikuwa amepiga mstari mmoja wa buluu, ulionyooka, uliopigwa kwa rula. Pembeni aliandika: *Kisanduku hiki ni kwa matumizi ya ofisi tu. Madai yamefungwa.* Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, alituma salamu za mke wake.

Twiga aliipeleka saluni, msusi akaibandika juu ya kioo. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi. Msusi alishika nywele na kuvuta kwa kilo zake zote hamsini na sita, na Twiga akatoa machozi.

"Inauma?"

"Inauma vizuri. Endelea."

Zilikuwa zimebaki nywele za nyuma ya sikio moja tu wakati sauti ilipopazwa kutoka jengo la pili: kuna mtu kakwama, kuna moshi. Twiga akanusa. Akasimama na kitana kichwani, akalowesha taulo. Msusi alizima pasi ya nywele mara moja, bila kubishana, akashuka chini, na mpishi akashuka, na daktari wa meno akaacha mgonjwa na mdomo wazi akashuka. Walipofika mlangoni kwa jirani walikuta fundi wa simu na muuza matunda wamekwisha panga foleni, viganja vimeinuliwa. Bibi Kinanda alikwenda kwa njia ya dirishani.

Kule kituoni, daftari lilionyesha kwamba Twiga alikuwa ametoka zamu saa nane.